Kliniki na Mimbari: Kanisa, Dola na Historia ya Uzazi wa Mpango Tanzania Bara

1. Utangulizi

Katika historia ya Kanisa letu yako mambo yaliyoandikwa sana. Kuja kwa wamisionari kumeandikwa. Kuungana kwa makanisa saba tarehe 19 Juni 1963, hata ikazaliwa KKKT, kumeandikwa. Uamsho na mivutano ya majimbo na dayosisi vimeandikwa. Lakini yako mambo mengine yaliyotendeka kila siku mbele ya macho yetu, wala hayakupata mwandishi, kwa sababu yalitendeka katika chumba cha mkunga na hayakufika kwenye meza ya Mkutano Mkuu. Mojawapo ya mambo hayo ni uzazi wa mpango.

Makala hii inakusudia kufuata njia ya jambo hili katika Tanzania Bara, tangu siku za wahenga hadi sera za Serikali za miaka yetu. Hatutaigusa Zanzibar, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, na visiwa hivyo vina historia yake. Swali letu ni moja: Kanisa ambalo wauguzi wake waliitoa huduma hii katika hospitali na zahanati zake, lilisema nini juu yake mimbarini? Tutajaribu kuonyesha kwamba kwa sehemu kubwa lilinyamaza. Kwamba kimya hicho kiliwaachia wengine nafasi ya kuamua mwili wa mama ni kwa ajili ya nini. Na kwamba thiolojia ya Kilutheri inayo neno la kusema mahali hapo, ikiwa sisi tulioitwa kuifundisha tutakuwa tayari kulisema.

2. Majira ya wahenga

Ni kosa kudhani kwamba wazo la kupanga uzazi lililetwa na vidonge. Wazee wetu walijua kwamba mimba za karibu karibu huua. Watu wa pwani wanalo neno lao, kubemenda. Mtoto anyonyaye akidhoofika, akawa haongezeki wala hachangamki, husemwa kwamba amebemendwa: yaani wazazi wake hawakungoja, au mama ameshika mimba nyingine kabla ya wakati. Tusilichukue neno hilo kuwa ushirikina mtupu. Ndani yake mna elimu ya afya iliyofichwa katika lugha ya mwiko. Mtoto aliyeachishwa ziwa upesi, katika nchi ambamo maziwa na nafaka laini vilikuwa haba, alikuwa hatarini kwelikweli.

Uchaggani mambo hayakuwa mbali na hayo. Mmisionari wa Leipzig, Bruno Gutmann, alikusanya mafundisho ya kimila ya Wachagga katika vitabu vitatu vilivyochapishwa kati ya mwaka 1932 na 1938, naye Otto Raum akatoa kitabu chake juu ya utoto wa Kichagga mwaka 1940. Kutokana na maandishi ya namna hiyo, na kutokana na wazee wenyewe, twajua kwamba watoto walitarajiwa kupishana kwa muda wa miaka mitatu hivi, na kwamba mimba iliyowahi mno ilikuwa aibu kwa mume na mke pia. Yalikuwepo majira ya kuzaa kama yalivyokuwepo majira ya kupanda. Si ajabu basi kwamba Kiswahili kilipotafuta jina la jambo hili katika siku za kliniki, watu wengi walisema uzazi wa majira, na vidonge vikaitwa vidonge vya majira. Lugha ilikumbuka yale ambayo vitabu vilisahau.

Hata hivyo yatupasa kuwa waangalifu tusiupambe wakati uliopita. Utaratibu ule ulisimama juu ya nguzo tatu: kunyonyesha kwa muda mrefu, wazazi kutengana kitanda, na ndoa ya wake wengi iliyomwezesha mume kungoja bila kuona kwamba anangoja. Aliyeamua alikuwa ukoo. Mwanamke tasa alidharauliwa, na aliyezaa mabinti watupu aliambiwa azae tena. Majira yalimlinda mtoto, na kwa njia hiyo yakamlinda mama. Lakini hakuna aliyemwuliza mama neno lake.

3. Misioni, wakoloni na hofu ya upungufu

Bethel walifika Usambara na Berlin wakafika Kusini mwaka 1891. Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na Bethel wakaingia Bukoba mwaka 1910. Wote walihubiri ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwanahistoria hana budi kutaja pia lile ambalo halikukusudiwa. Nguzo moja ya utaratibu wa zamani ilipoondolewa, zile mbili zilizobaki zilianza kutikisika. Mume Mkristo aliyekatazwa mke wa pili hakufundishwa namna ya kuishi na mke wake wa kwanza katika miaka ya kunyonyesha. Makungwi na walimu wa jando, waliokuwa wakilisema jambo hili waziwazi, walihesabiwa kuwa mabaki ya upagani, na mahali pao katika mafundisho ya kipaimara hapakujazwa na mtu. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo kimya kilipoanzia.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, haikuogopa wingi wa watu bali uchache wao. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, njaa iliyofuata, Vita Kuu ya Kwanza, na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 vilikuwa vimeacha maeneo makubwa yakiwa matupu. Mashamba ya mkonge yalihitaji mikono. Kwa hiyo huduma za mama na mtoto zilipoanza kuenea, nyingi zikiwa mikononi mwa wauguzi wa misioni, shabaha iliyosemwa serikalini ilikuwa watoto waishi ili nguvukazi iongezeke. Muuguzi wa misioni alikuwa na shabaha nyingine, kumpenda jirani yake. Lakini mizani ya kupimia watoto ilikuwa ile ile. Tulikumbuke hilo, kwa maana tutaliona tena: dola huhesabu watu, na mara nyingi huhesabu kwa haja yake.

4. Uhuru na swali la malezi, 1959 hadi 1974

Mwaka 1959, katika mji wa Dar es Salaam, kilianzishwa chama cha uzazi wa mpango ambacho baadaye kilienea nchini na kujulikana kwa jina la UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Jina hilo linastahili kutafakariwa. Halisemi kupunguza watu, wala halisemi kuzuia mimba. Linaweka uzazi na malezi pamoja, kana kwamba hakuna ruhusa ya kulitaja moja bila lingine.

Mambo makubwa matatu yalitokea ndani ya muda mfupi. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, ilifanyika sensa ya kwanza baada ya Uhuru, nayo ikaonyesha watu milioni 12.3. Mwaka 1968 mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za binadamu uliofanyika Tehran ulitamka kwamba ni haki ya msingi ya wazazi kuamua, kwa hiari na kwa kuwajibika, idadi ya watoto wao na kupishana kwao. Na katika Julai ya mwaka huo huo Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wake Humanae Vitae, akikataza kila njia ya kuzuia mimba isipokuwa ile ifuatayo siku za mwanamke. Majirani zetu Wakatoliki walipata neno moja, gumu lakini wazi. Waanglikana walikuwa wamepata neno lao tangu mkutano wa Lambeth wa mwaka 1930, uliokubali kwa masharti kwamba wenye ndoa waweza kutumia njia nyingine pale penye sababu ya kweli. Sisi Walutheri, tusio na Papa wala Lambeth, kila mchungaji aliachiwa dhamiri yake mwenyewe, na wengi waliona kwamba dhamiri iliyo salama ni ile isiyosema.

Aliyesema alikuwa Mwalimu Nyerere, naye alikuwa Mkatoliki. Akiutoa Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1969, alikumbusha kwamba nchi ni kubwa na ardhi bado ipo, kwa hiyo kuongezeka kwa watu si jambo baya. Lakini watu wanaoongezeka kila mwaka huja wakiwa watoto wachanga, wala hawaji wakiwa wafanyakazi. Akasema kwamba katika kuzaa mtu yuko sawa na mnyama, ila katika kulea na kufunza mtu amepewa jukumu lake la pekee, na kwamba mara nyingi uwezo wa watu wa kuzaa hupita uwezo wao wa kulea. Hakutaja kidonge wala kitanzi. Hakuweka idadi. Kiongozi wa siasa alikuwa ametoa hoja ya kimaadili ambayo ingeweza kabisa kutoka katika maelezo ya Luther juu ya amri ya nne, wala sisi hatukuichukua na kuiendeleza.

5. Kliniki ya mama na mtoto, 1974 hadi 1989

Mwaka 1974 Serikali iliziunganisha huduma za mama na mtoto kuwa mpango mmoja, na uzazi wa mpango ukaingizwa humo, UMATI ikipewa nafasi ya kufundisha watumishi na kugawa vifaa. Huu ulikuwa uamuzi wa busara. Mama aliyekuja kupima mimba, au kumchanja mtoto na kumpima uzito, aliweza kusikia juu ya kupisha uzazi katika benchi lile lile, wala jirani hakujua amekuja kwa lipi. Vijiji vilikuwa vikianzishwa, zahanati zikijengwa kwa wingi, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa imewazoesha watu kukaa katika vikundi kando ya redio na kuzungumza juu ya afya yao.

Katika mtandao huo Kanisa halikuwa mgeni. Bumbuli, Machame, Marangu, Nkoaranga, Ndolage, Ilembula na Haydom zilikuwa hospitali ambazo watu walizitembelea kwa miguu siku nzima. KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Serikali ilipopiga marufuku matibabu ya binafsi ya kujipatia faida mwaka 1977, hospitali za mashirika ya dini ziliachwa ziendelee, na baadhi yake zilifanywa hospitali teule za wilaya, zikilipiwa sehemu ya gharama zao na Hazina. Kwa hiyo katika wilaya kadha wa kadha sera ya Serikali ilimfikia mwananchi kwa mkono wa muuguzi wa Kanisa. Hospitali za Kikatoliki zilifundisha njia za asili peke yake. Za kwetu, kwa jumla, zilitoa njia zote zilizokuwepo: vidonge, kitanzi, sindano, na kufunga kizazi kwa yule aliyeshauriwa na daktari.

Lakini kwa masharti gani? Hapa historia inakuwa nzito. Katika vituo vingi vya miaka hiyo, vya Serikali na vya Kanisa, mwanamke aliyetaka huduma alitakiwa awe ameolewa, awe amekwisha kuzaa, na awe na ruhusa ya mume wake. Mume hakutakiwa kuleta ruhusa ya mke ili amzalishe kila mwaka. Masharti hayo yalitetewa kwa jina la maadili ya ndoa, nasi wachungaji tuliona kwamba ni mema, au hatukuona kwamba yanahitaji kuangaliwa. Matokeo yake wauguzi waliyajua: mwanamke akifika na kadi ya kliniki yenye mimba ya saba, akirudishwa nyumbani akaombe ruhusa kwa mtu ambaye hakuwa tayari kutoa, na mwingine akiomba sindano, kwa sababu sindano haiachi kitu cha kufichwa chini ya godoro.

Si kwamba wanaume wote walikuwa wakatili. Wengi waliogopa. Waliogopa kwamba vidonge huleta utasa au saratani, kwamba mke asiyeogopa mimba atatoka nje ya ndoa, na kwamba watoto wakifa, kama walivyokufa wengi, nyumba itabaki tupu. Hofu za namna hii hujibiwa kwa mafundisho ya upole na ya mara kwa mara. Nani alikuwa na nafasi ya kuyatoa kuliko mchungaji, aliyekutana na wanaume hao kila Jumapili?

6. Sera, Cairo na miaka ya UKIMWI

Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu milioni 17.5, na ile ya 1988 watu milioni 23.1. Katikati yake uchumi ulianguka, na tangu mwaka 1986 nchi ilikuwa chini ya mpango wa kufufua uchumi uliokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bajeti ya afya ilibanwa, na mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama, ingawa huduma za mama na mtoto zilisamehewa. Katika hali hiyo lugha ilibadilika. Mpango wa Taifa wa uzazi wa mpango wa mwaka 1989, na Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ya mwaka 1992, havikuanza na malezi bali na uwiano kati ya watu na uchumi. Wafadhili walileta fedha, na pamoja na fedha takwimu za kufikia. Alama ya nyota ya kijani ilianza kuonekana kwenye kuta za zahanati. Kuanzia mwaka 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, na watu nchini kote walimjua Mkwaju, dereva wa lori aliyetanga njiani, na Tunu mkewe, aliyebaki na mzigo wa nyumba.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1991 hadi 1992 ulionyesha kwamba mwanamke alikuwa akizaa kwa wastani watoto sita na zaidi, na kwamba katika wanawake 100 walioolewa ni 10 tu waliotumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Tusizisome takwimu hizo kama mashtaka juu ya wanawake. Ni kipimo cha umbali kati ya kile walichotaka na kile walichoruhusiwa.

Mwaka 1994 ulileta mageuzi mawili. Mwezi Septemba wajumbe wa nchi 179 walikutana Cairo, wakakubaliana kwamba msingi wa sera za idadi ya watu uwe afya na haki ya mtu mwenyewe, hasa mwanamke, wala usiwe hesabu za kitaifa. Mwaka huo huo mwongozo wa Tanzania wa utoaji wa huduma uliondoa masharti ya zamani: ruhusa ya mume haikutakiwa tena, wala idadi ya watoto, wala cheti cha ndoa. Kwenye karatasi mlango ulifunguliwa. Lakini wachunguzi wa miaka hiyo waliendelea kuwakuta watoa huduma wakiwarudisha vijana na wasiozaa kwa kufuata desturi waliyoizoea.

Kanisa nalo lilikuwa limeingia katika mapatano mapya. Mwezi Februari 1992 Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki walitia sahihi hati ya makubaliano na Serikali juu ya huduma za jamii, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC. Kwa njia hiyo makanisa yenye mafundisho tofauti juu ya uzazi yalikaa meza moja. Heshima kwa ndugu zetu ilidai tusiwe wepesi wa maneno. Lakini heshima hiyo ilitupa pia kisingizio kizuri cha kuendelea kunyamaza.

Jambo jingine lililotuziba midomo lilikuwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 huko Kagera, katikati ya sharika zetu. Mjadala wa kondomu uliofuata uliwagawa wachungaji, na wengi wakaona kwamba kila neno juu ya uzazi wa mpango ni neno juu ya zinaa. Swali la mama mwenye watoto wanane lilimezwa na swali la kijana asiyeoa. Hasara hiyo haijafidiwa hadi leo.

7. Kutoka takwimu moja hadi nyingine

Miaka iliyofuata ilileta nafuu ya polepole. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka hadi 5.2 katika uchunguzi wa mwaka 2015 hadi 2016, na 4.8 katika ule wa mwaka 2022. Wanawake walioolewa wanaotumia njia yoyote walifikia 38 katika kila 100, na hapo wamesimama kati ya chunguzi hizo mbili. Kadirio la vifo vya uzazi lilishuka kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000. Kaskazini, ambako kihamba hakigawanyiki tena na shule zimejaa, watu walikubali mapema. Kanda ya Ziwa ilichelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa miezi 36. Labda watunga sheria hawakujua kwamba miaka hiyo mitatu ni majira yale yale ya wahenga.

Lakini dola haikuacha kuhesabu. Mwezi Septemba 2018 Rais John Magufuli aliwaambia wananchi kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto, na baada ya muda mfupi matangazo ya uzazi wa mpango yaliyolipiwa na wafadhili yalisimamishwa. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amesema kwamba msichana aliyezaa hatarudi shuleni. Zuio hilo liliondolewa mwezi Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Na mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lililokuwa mlipaji mkubwa wa huduma hizi katika nchi nyingi, lilifungwa kwa uamuzi uliofanyika mbali na vijiji vyetu.

Katika muda wa miaka mia moja, basi, mama wa Tanzania ameambiwa azae kwa ajili ya mkonge, apunguze kwa ajili ya uchumi, na azae tena kwa ajili ya nguvu ya taifa. Maneno yamepingana, lakini yote yamemtazama kwa jicho moja, kama chombo cha kufikia hesabu.

Tusiache pia lile ambalo ni gumu kulitaja. Kanuni ya Adhabu yetu inakataza kutoa mimba, isipokuwa katika kuokoa uhai wa mama. Kanisa hutofautisha, na kwa haki, kati ya kuzuia mimba isitungwe na kuiondoa iliyotungwa. Hata hivyo muuguzi wa zamu ya usiku hampokei mtu wa hoja. Humpokea msichana anayevuja damu, ambaye aliogopa wazazi, aliogopa mwalimu, na aliogopa mzee wa kanisa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Wengi wao ni watoto wa sharika.

8. Neno ambalo Walutheri wanalo

Yatupasa kuanza kwa unyofu. Luther mwenyewe, katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa cha mwaka 1522, aliandika kwamba mwanamke akichoka, au hata akifa kwa kuzaa, si neno, kwa kuwa ndiyo kazi aliyowekewa. Neno hilo hatuwezi kulihubiri, wala hatupaswi kulificha. Lakini katika kitabu hicho hicho alisema pia kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani huwafurahisha Mungu na malaika, ingawa majirani humcheka. Na mtu yule yule, akiisha kumwoa Katharina von Bora mwaka 1525, alimzika binti yake Elizabeth mwaka 1528 na Magdalena mwaka 1542, akajifunza kwamba uhai wa mtoto si hesabu. Katika Katekisimo Kubwa, chini ya amri ya nne, aliwakumbusha wazazi kwamba Mungu hakuwapa watoto kwa kujifurahisha tu, bali atawadai namna walivyowalea. Wito wa uzazi, kwa Luther, ni wito wa malezi. Anayeupima kwa idadi peke yake ameupunguza.

Maandiko yanayotajwa mara nyingi dhidi ya kupanga uzazi nayo yasomwe vema. Baraka ya Mwanzo 1:28 imetolewa kwa mwanamume na mwanamke pamoja, nayo ni baraka kabla ya kuwa agizo. Onani, katika Mwanzo 38, anahukumiwa akiwa mtu aliyemnyima mjane wa ndugu yake haki yake huku akijifaidia mwili wake. Anayetaka kumtaja Onani na aanze na wanaume wanaochukua bila kuwajibika. Zaburi ya 127 huwaita wana urithi utokao kwa Bwana. Na urithi hutunzwa. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anasema jambo ambalo halikuwa la kawaida katika dunia yake: mume hana amri peke yake juu ya mwili wake, bali mke anayo, kama vile mume anayo juu ya mwili wa mke, na kujizuia kwao kuwe kwa kupatana. Tuilinganishe sura hiyo na sharti la ruhusa ya mume. Mtume alidai mapatano ya wawili. Kliniki zetu zilidai saini ya mmoja.

Mafundisho ya tawala mbili nayo hutusaidia. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, hufundisha kwamba mambo halali ya dola ni kazi njema za Mungu. Kwa hiyo Serikali ina haki, tena wajibu, wa kujenga zahanati, kufundisha wakunga na kuleta dawa zilizo salama; nasi tusiipinge katika hilo. Lakini dola haina mamlaka juu ya dhamiri. Isiwaamuru walioolewa wazae wachache, wala isiwaaibishe ili wazae wengi. Kanisa lililoelewa hivyo lingaliweza kusema na Serikali ya mwaka 1992 na ile ya mwaka 2018 kwa neno moja lile lile.

9. Hitimisho

Kutokana na historia hii tunaona kazi nne zinazotungoja. Ya kwanza ni mafundisho ya ndoa: wachumba wafundishwe juu ya kupisha uzazi wakiwa pamoja, mbele ya mchungaji na muuguzi, na mume asikie kwa masikio yake. Ya pili ni nidhamu ya Kanisa. Katika sharika nyingi msichana mwenye mimba amezuiliwa Meza ya Bwana na kusimamishwa mbele ya watu, huku aliyempa mimba akiimba kwaya. Desturi hiyo haina utetezi katika Injili, nayo imewasukuma wengine kwenye mikono ya waganga wa vichochoroni. Ya tatu ni hospitali zetu: dayosisi ziulize kwa uwazi ni nani anayerudishwa mlangoni na kwa sababu gani, na fedha ya vifaa itatoka wapi wafadhili wakiondoka. Ya nne ni yetu sisi wa vyuo. Wanafunzi wanaotoka hapa wakijua kueleza mabishano ya Karne ya 16, wasijue kumjibu mama anayewauliza kama kidonge ni dhambi, hatujawafundisha bado.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Kanisa letu limewabariki wanawake kuwa wachungaji. Wengi wao wamejifungua, na wengine wamezika. Wanapopanda mimbarini wanachukua pamoja nao maarifa ambayo mimbari hiyo iliyakosa kwa muda wa karne nzima. Lakini itakuwa dhuluma mpya ikiwa sisi wanaume tutawaachia wao peke yao jambo hili, kama vile kliniki ilivyoachiwa wauguzi. Mama aliyeketi benchini na kadi yake mkononi ni mshirika wa usharika wetu. Jumapili huja kusikia, tumpe neno.